Niliyoyaona Katika Maonyo ya Kompaila

Ujumbe ulikuwa wa mstari mmoja. Ulisema kwamba ulinganisho ulio katika faili la kipimajoto hautakuwa kweli kamwe, kwa sababu aina ya data iliyotumika haiwezi kubeba thamani inayotafutwa. Kompaila haikugoma. Iliendelea na kazi, programu ikajengwa mpaka mwisho, ikapakiwa kwenye kifaa, na taa ya kijani ikawaka. Mtu asiyesoma maandishi yanayopita kwenye skrini angekiweka kifaa kile kwenye boksi na kukipeleka zahanati.

Kifaa chenyewe kilitengenezwa kikae ndani ya friji ya chanjo. Chanjo nyingi hutunzwa kati ya nyuzi joto 2 na 8 za sentigredi. Watu wengi huogopa joto peke yake, lakini baridi kali nayo huharibu: chanjo ya pepopunda au ya homa ya ini B ikiganda, hata ikiyeyuka baadaye hairudishi nguvu yake. Ndiyo maana kifaa kilitakiwa kupiga kengele pande zote mbili, joto likipita 8 na likishuka chini ya sifuri.

Msimbo wake uliandikwa kwa lugha ya C, na aliyeuandika alihifadhi joto katika kigeu cha aina ya char, yaani baiti moja. Kwenye kompyuta yake ya mezani, yenye prosesa ya x86, char hubeba namba kuanzia -128 hadi 127, hivyo -5 hubaki -5. Kwenye chipu ya ARM iliyokuwa ndani ya kifaa, char kwa kawaida haina hasi. Hubeba 0 hadi 255, na ile -5 inageuka kuwa 251. Kiwango rasmi cha C kinaruhusu yote mawili na kuwaachia watengenezaji wa kompaila uamuzi.

Sasa fuatilia kinachotokea. Friji inaganda. Sharti la "chini ya sifuri" halitimii, kwa sababu namba isiyo na hasi haiwezi kushuka chini ya sifuri hata siku moja. Papo hapo sharti la pili linatimia, kwa kuwa 251 ni kubwa kuliko 8. Chanjo zinaganda huku kifaa kikilia kwamba kuna joto. Muuguzi anafanya lililo sahihi kwa kengele aliyoisikia: anaongeza baridi.

Majaribio yote kwenye kompyuta ya mezani yalikuwa yamepita salama. Aliyeliona tatizo ni kompaila ya ARM peke yake, na aliliona kwa sababu tulikuwa tumewasha chaguo la -Wextra. Chaguo la -Wall, ambalo jina lake humfanya mtu adhani limebeba kila kitu, halikuwa na onyo hilo. Kompaila ya GCC ina maonyo mengi nje ya -Wall, na mengine nje hata ya -Wextra; ni lazima uyaite moja moja kwa jina. Nimekutana na wahandisi wenye uzoefu mkubwa wasiojua hilo.

Kazi yangu ni programu za tabaka la chini: draiva, programu zinazokaa ndani ya chipu, na sehemu za kerneli ya Linux zinazozungumza na vyuma moja kwa moja. Huku chini hakuna wa kukukinga. Programu ya simu ikikosea, mfumo unaifunga na mtumiaji anaifungua tena. Draiva ikiandika nje ya mpaka wa kumbukumbu yake, inaweza kuharibu data ya mwenzake na kuendelea kufanya kazi kwa wiki nzima kabla kitu kingine kabisa hakijaanguka, na wewe ukaenda kutafuta kosa mahali ambapo halipo. Kwa hiyo kila neno la kompaila lina thamani kwetu. Ndiyo iliyousoma msimbo wote, faili kwa faili, bila kuchoka na bila kumwonea haya aliyeuandika.

Kijana niliyekuwa nikifanya naye kazi ndiye aliyelishika lile onyo la kipimajoto kwanza. Haukupita muda akaniambia, "Dada, limeisha." Alikuwa ameihamisha thamani ya char kwenye kigeu kipana zaidi, int, kisha akalinganisha hicho. Kweli kompaila ilikuwa kimya. Nikamwuliza, "Na -5 itafika pale ikiwa ngapi?" Akachukua karatasi, akaandika biti nane, akazipanua, akapata 251 ileile. Onyo lilikuwa limeondoka na kosa limebaki, sasa likiwa halina hata wa kulitaja. Mficha maradhi kifo humuumbua, na katika kazi yetu anayeumbuliwa mara nyingi ni mtu wa mbali ambaye hajui kama kuna kompaila duniani.

Suluhisho la kweli lilikuwa kurudi nyuma hadi pale baiti inapotoka kwenye kihisi, na kutamka wazi kwamba namba hii ina hasi: int8_t badala ya char. Halafu tukapekua msimbo mzima kutafuta kila mahali ambapo char imetumika kubeba namba badala ya herufi. Hiyo ndiyo kazi yenyewe. Onyo moja limekuonyesha fikra fulani ya mwandishi, na fikra hiyo huwa haikuandikwa mara moja tu. Watunzaji wa kerneli ya Linux walichoshwa na tofauti hiyohiyo ya x86 na ARM. Tangu toleo la 6.2 la mwaka 2023 kerneli hujengwa kwa kanuni kwamba char haina hasi kwenye prosesa zote, ili kosa likiwepo lionekane kila mahali kwa sura moja.

Nimejifunza kuyaogopa zaidi maonyo yanayoonekana ya kipuuzi. Lipo linalosema kigeu kimepewa thamani lakini hakijatumika. Wengi hulitibu kwa kukifuta kigeu, na msimbo unapendeza. Lakini jiulize kwa nini kilikuwepo. Mara nyingi kigeu hicho kiliitwa ret, na kilikuwa kimepokea jibu la funksheni inayoandika kwenye kihisi au kwenye diski. Mwandishi alikusudia kulikagua jibu, akapitiwa, pengine simu ililia. Kompaila inakwambia kwamba hakuna anayejua kama lile andiko lilifanikiwa. Ukikifuta kigeu, umefuta ushahidi wa mwisho kwamba kulitakiwa kuwe na ukaguzi. Niliwahi kurithi draiva ya kuhifadhi kumbukumbu za matukio iliyokuwa na maonyo ya aina hii karibu katika kila funksheni. Tulipoweka ukaguzi mahali pake, ikabainika kwamba uandishi ulikuwa ukishindwa mara kwa mara, na hakuna aliyewahi kuambiwa.

Mfano mzito kuliko yote wa onyo lililonyamazishwa unatoka kwenye mfumo wa Debian, ulio wa familia ya Linux. Mwaka 2006 mtunzaji wa kifurushi cha OpenSSL aliona malalamiko ya Valgrind, chombo kinachokagua matumizi ya kumbukumbu wakati programu inafanya kazi: kwamba kuna kumbukumbu inasomwa kabla haijawekewa thamani. Malalamiko yalikuwa ya kweli. Mtu huyu hakuwa mzembe, kwani aliuliza kwanza kabla ya kugusa msimbo. Kisha akaiondoa mistari iliyohusika, na malalamiko yakakoma. Shida ni kwamba miongoni mwa mistari hiyo ulikuwemo ule unaoingiza data za nasibu kwenye hesabu ya kutengeneza funguo za siri. Baada ya hapo kilichobaki kutofautisha ufunguo mmoja na mwingine kilikuwa namba ya mchakato, ambayo kwenye Linux ya wakati ule kwa kawaida haikuzidi 32,768. Kwa hiyo kwa kila aina na ukubwa wa ufunguo, mvamizi angeweza kuzitengeneza funguo zote zinazowezekana kwenye kompyuta ya kawaida na kuzijaribu moja moja.

Jambo hilo lilikaa hadi Mei 2008 lilipotangazwa. Miaka miwili. Seva za Debian na Ubuntu duniani kote zilibidi zitengenezewe funguo mpya. Nawasimulia kisa hiki vijana wote ninaowafundisha, na nawaomba wasimcheke mtunzaji yule. Alikuwa na chombo kizuri na onyo sahihi. Kilichokosekana ni swali moja: mstari huu unafanya kazi gani kwa wote wanaoutegemea?

Yako maonyo ya uongo pia, na ni haki kuyasema. Kompaila haiendeshi programu. Inakisia njia ambazo programu inaweza kupita, na wakati mwingine inaona njia ambayo haipo. Onyo la kigeu kinachoweza kutumika kabla ya kupewa thamani ndilo linaloongoza kwa hilo. Kwa miaka mingi watu waliliondoa kwa kuandika "= 0" pale kigeu kinapotangazwa, na wapo wanaofundisha hivyo kama tabia njema. Mimi nalipinga. Siku mtu mwingine atakapoongeza njia mpya na kusahau kukipa kigeu thamani ya kweli, kompaila itaiona ile sifuri yako na kunyamaza, na sifuri itatembea mpaka kwenye pampu au kwenye bili ya mteja kana kwamba ni kipimo halisi. Mei 2020 Linus Torvalds, mwanzilishi wa Linux, alilizima onyo hilo katika ujenzi wa kawaida wa kerneli, baada ya GCC 10 kuleta kelele nyingi zisizo na msingi. Naona alifanya sawa kwa mradi wenye mamilioni ya mistari. Kwenye vifaa vyetu vidogo, ambapo mtu mmoja anaweza kuusoma msimbo wote, tumeliacha likiwaka, na panapokuwa na onyo la uongo tunaipanga upya funksheni mpaka kompaila nayo iielewe. Aghalabu binadamu naye huielewa vizuri zaidi baada ya hapo.

Wengine huuliza kwa nini tusiligeuze kila onyo kuwa kosa, kwa chaguo la -Werror, ili programu isijengwe kabisa mpaka pasafike. Torvalds alijaribu hivyo Septemba 2021, katika maandalizi ya toleo la 5.15, na baada ya siku chache tu ikabidi sharti lilegezwe, maana ujenzi ulikuwa ukikatika kwa watu wenye kompaila na prosesa za kila namna. Msimamo wangu ni huu: ndani ya nyumba yako, ambapo toleo la kompaila umelichagua mwenyewe na kulifunga, washa -Werror na usiizime. Katika msimbo unaowagawia wengine, usiwalazimishe. GCC ya mwakani itakuja na maonyo ambayo leo hayajazaliwa, na mtu asiyekujua atashindwa kujenga programu yako kwa sababu isiyomhusu.

Wala kompaila si mlinzi dhidi ya mtu mwenye nia mbaya. Novemba 2003 mtu asiyejulikana alipenyeza mistari miwili kwenye nakala moja ya msimbo wa kerneli ya Linux. Ilionekana kama ukaguzi wa kawaida wa kama mtumiaji ni msimamizi mkuu, lakini palipotakiwa alama mbili za usawa iliwekwa moja, na kwa C hiyo ina maana ya kumfanya mtumiaji awe msimamizi mkuu. Kompaila huonya juu ya kosa hilo, ila ulinganisho ule ulikuwa umezungushiwa mabano, na mabano huifanya kompaila ichukulie kwamba mwandishi amekusudia. Njama ilinaswa kwa sababu badiliko lile halikuwa na kumbukumbu yoyote kwenye hifadhi kuu. Kwa hiyo ninaposoma kiraka cha mtu, sehemu ambazo kompaila imenyamazishwa kwa makusudi, kwa mabano au kwa kulazimisha aina ya data, ndizo ninazozisoma polepole kuliko zote.

Maonyo nayo hukua kutokana na maumivu. Februari 2014 Apple ilitangaza kasoro katika ukaguzi wake wa miunganisho salama: mstari wa "goto fail" ulikuwa umejirudia mara mbili, na ule wa pili, ingawa ulipangwa kama uko ndani ya sharti, ulikuwa nje yake, ukasababisha hatua ya kuhakiki saini irukwe. Mwaka 2016 GCC 6 ilikuja na onyo la mpangilio unaodanganya macho, tena ndani ya -Wall. Mwaka uliofuata GCC 7 ikaleta lile la tawi la switch linalomwagikia kwenye tawi linalofuata bila kutamka. Gustavo A. R. Silva na wenzake waliipitia kerneli nzima, wakiuliza kila mahali kama mwandishi alikusudia au alisahau kuweka break, hadi mwaka 2019 onyo hilo likawashwa kwa kerneli yote katika toleo la 5.3. Njiani walikuta makosa halisi yaliyokuwa yamelala. Kazi ya namna hiyo haiandikwi kwenye matangazo ya bidhaa. Mimi naihesabu miongoni mwa kazi kubwa za uhandisi wa programu za wakati wetu.

Kwetu huku, yapo maonyo ya kundi moja ninayoyapa uzito wa pekee: yale ya namba kubwa kusukumwa ndani ya chombo kidogo. Wateja wa umeme wa LUKU Tanzania na wenzao wa tokeni Kenya wanakumbuka mwaka 2024, walipotakiwa kuingiza tarakimu za ziada kwenye mita zao kabla ya tarehe 24 Novemba. Sababu ilikuwa ya biti. Mita za mfumo wa STS, ulioanzia Afrika Kusini, huitambulisha tokeni kwa kuhesabu dakika tangu Januari 1993, na hesabu hiyo imetengewa biti 24, ambazo zinatosha dakika 16,777,216 tu. Pale mipaka ilijulikana tangu mwanzo na marekebisho yakapangwa, hivyo si kosa la mtu. Lakini ndani ya msimbo wa vifaa vingi kuna mipaka kama hiyo ambayo hakuna aliyeipanga.

Tarehe 19 Januari 2038, saa 12 na dakika 14 asubuhi kwa saa za Afrika Mashariki, hesabu ya sekunde tangu mwaka 1970 itapita uwezo wa namba ya biti 32 yenye hasi. Mifumo mipya ya Linux hutumia biti 64 kwa saa, lakini hilo halisaidii kama mahali fulani programu yako inaichukua saa hiyo ya biti 64 na kuiweka ndani ya int. Lugha ya C inakubali bila kulalamika. -Wall haisemi kitu, wala -Wextra. Ni lazima uwashe -Wconversion, na ukiiwasha kwenye msimbo wa zamani utafurikiwa na maonyo mpaka utamani kuizima palepale. Usiizime. Anza na faili la saa peke yake, maliza, kisha nenda la malipo. Mita na vipima maji vinavyofungwa ukutani mwaka huu vingi vitakuwa bado vinafanya kazi mwaka 2038.

Namna yangu ya kufanya kazi hii haina siri. Nachukua aina moja ya onyo kwa wakati mmoja, kwa sababu akili ikishazoea kuuliza swali moja hulijibu vizuri. Kila aina inapata kiraka chake, na maelezo ya kiraka yanataja kilichoonwa na kompaila na kwa nini mabadiliko haya ndiyo jibu. Maneno "kuondoa maonyo" peke yake siyapokei. Ikiwa nadai kwamba badiliko halibadilishi utendaji, nalinganisha maelekezo ya mashine kabla na baada kwa kutumia objdump: yakitofautiana, madai yangu si sahihi na narudi kusoma upya. Ikiwa badiliko linarekebisha kosa la kweli, naandika jaribio litakaloshindwa bila kiraka hicho, na naliendesha kwenye chipu yenyewe. Kompyuta ya mezani haitoshi. Friji ya chanjo ilishatuonyesha.

Kwa wanafunzi wa vyuo vyetu wanaouliza waanzie wapi: chukueni msimbo wa kerneli, chagueni draiva moja ndogo, jengeni kwa amri ya make W=1, na someni onyo moja mpaka mlielewe kabla ya kugusa hata herufi. Walimu, washeni -Wall na -Wextra tangu zoezi la kwanza la C, na msisahihishe kazi yenye onyo ambalo mwanafunzi hawezi kulieleza. Na ninyi mnaoandika zabuni za kununua mita, vipimajoto vya chanjo na vifaa vya hospitali, ongezeni sharti moja: muuzaji alete orodha kamili ya maonyo ya kompaila kwa chipu halisi iliyo ndani ya kifaa, yakiwa yamewashwa yote ya -Wextra, na maelezo ya kila lililobaki. Muuzaji anayeujua msimbo wake ataileta bila shida.